Sinia la Nundu Kule Mwanhuzi

Kule Mwanhuzi, wilaya ya Meatu, katikati ya kikao cha mahari, baba wa kijana na baba wa binti walisimama kwa wakati mmoja.

Hawakuaga. Hawakuangaliana.

Mmoja akatokea mlango wa mbele, mwingine mlango wa nyuma, wakaacha sinia la nyama katikati na koo mbili zikitazamana.

Kilichofuata nusura kiue ndoa ya watoto wawili wasio na kosa lolote.

Aliyenisimulia ni mmoja wa wale wazee wawili, kwa mdomo wake mwenyewe. Kwa hiyo mkiona mahali namcheka, mjue alitangulia kujicheka. Kama hakutangulia, basi mimi na yeye tutajuana.

Anaitwa Luhende.

Ni dalali wa ng'ombe, mtu wa Bariadi. Mnadani ukiuliza Luhende ni nani, watu hawakuonyeshi mtu, wanakuonyesha moshi. Pale penye moshi wa nyama ndipo alipokuwa anakaa.

Jamaa alikuwa mlaji. Simaanishi mtu anayependa chakula, hao tuko wengi. Namaanisha mtu ambaye kula ilikuwa ndiyo cheo chake.

Asubuhi supu ya kongoro, na yale mafuta yanayoelea juu ukiyaengua anaona umemtukana. Mchana mbavu za mbuzi. Jioni ugali umemwagiwa samli mpaka unateleza wenyewe kwenye sahani.

Alikuwa na msemo wake. "Nyama bila mafuta ni kuni. Kuni tunapikia, hatuli."

Watu wanacheka, wanampigia makofi, naye anaagiza nyingine.

Halafu kikaanza kichomi.

Chini ya mbavu, upande wa kulia, kinapanda mpaka begani. Kinamkamata baada ya kula, tena akiwa amekula vizuri. Mke wake, Mama Januarius, jina lake Felisita, akamwambia aende hospitali.

Luhende akasema ni gesi.

Akanywa soda. Akanywa magadi. Akanywa mwarobaini mpaka ulimi ukakataa kazi.

Binamu yake Masunga, mtu ambaye hajawahi kukosa jibu la swali lolote hapa duniani, akamwambia wazi kabisa. "Kaka, hapo kuna mkono wa mtu. Madalali wenzako hawakupendi." Akamsindikiza kwa mganga upande wa Maswa. Mganga akasema kweli kuna mkono wa mtu, akampa unga mweusi wa kulamba kabla ya kula.

Akalamba. Akala mbavu. Akaanguka pale pale mnadani, jasho linamtoka, macho yamekuwa manjano kama maua ya alizeti.

Safari hii hakuulizwa. Alipakiwa kwenye gari akapelekwa Mwanza.

Wakampiga utrasaundi. Mfuko wa nyongo umejaa mawe. Mengine yameanza kuziba njia. Daktari, bwana mmoja mrefu anayeongea taratibu kama anachagua mchele, akasema mfuko utoke.

Ukatoka. Wakamtoboa matundu madogo tumboni, wakauvuta, kazi ikaisha. Madalali wenzake hawakuhusika.

Kabla ya kuruhusiwa, nesi alikuja kumpa maelekezo. Luhende akamuuliza lililokuwa linamkereketa.

"Sasa mimi mwanangu, ndiyo sina nyongo tena?"

"Nyongo unayo, baba. Inatengenezwa na ini, na ini lako lipo. Kilichotoka ni ule mfuko wa kuitunzia. Zamani ukila mafuta, mfuko unajiminya, nyongo inamwagika ya kutosha. Sasa hivi inadondoka kidogo kidogo tu muda wote. Kwa hiyo ule kidogo kidogo. Mafuta uyapunguze sana kwa sasa. Mbele ya safari utaanza kuyaonja taratibu, usikilize tumbo linasemaje."

"Na nikila mafuta mengi kwa mkupuo?"

"Yatapita tu."

"Yatapita kwenda wapi?"

Nesi akamtazama. "Yakifika utajua, baba."

Felisita alicheka mpaka akatoka nje ya wodi.

Sasa hapa ndipo mzee wetu alipoharibu. Wengi wenye ugonjwa huu hurudi nyumbani wakasema ukweli, majirani wakaja na pole, maisha yakaendelea.

Luhende hakutaka mtu ajue.

Kwanza, alisema, dalali mgonjwa hana biashara. Pili, alijua watu wa Bariadi. Wakisikia mtu ametolewa mfuko wa nyongo watasema hana ukali tena, hana hasira, ni wa kuonewa tu kama kondoo. Dalali asiye na ukali atabishaniaje bei?

Kwa hiyo akaitisha familia, akatoa amri. Hakuna kusema. Akiulizwa mtu, mzee alikwenda Mwanza kutibiwa macho.

Na ili uongo usimame, akanunua miwani.

Miwani ya kweli, yenye nguvu, na macho yake yalikuwa mazima. Akiivaa, dunia inamwendea mbio. Aliwahi kumpa mkono ng'ombe akidhani ni mtu mfupi. Lakini alikaza.

Nyumbani, Felisita ndiye aliyekuwa serikali. Ugali kiasi cha ngumi. Samaki wa kuchemsha. Mlenda usiotiwa karanga. Kuku amevuliwa ngozi, amechemshwa na nyanya, hakuna tone la mafuta. Baada ya saa chache, tena kidogo. Baadaye tena kidogo.

"Unanilisha kama kifaranga," Luhende alinung'unika.

"Kifaranga hulia kidogo kuliko wewe," Felisita akajibu, akamwekea kipande cha boga.

Siku ya mnada alitoroka. Alipofika kwenye moshi wake, watu wakashangilia kurudi kwake, akasikia raha, akasema mishikaki miwili tu haiwezi kuua mtu. Akala yenye mafuta. Akala mingine.

Wakati anarudi nyumbani kwa bodaboda, yale maneno ya nesi yakatimia.

Sitaeleza yote, wengine mnasoma mkiwa mnakula. Ila bodaboda ilisimamishwa karibu na shamba la pamba la mtu, na mzee akazama kwenye pamba akiwa na miwani yake, na dereva akabaki barabarani akijifanya anakagua cheni.

Toka siku hiyo, nyumbani akawa mtiifu. Lakini mnadani hakuacha maigizo. Anaagiza nyama, anaisogeza sogeza, anamgawia huyu na yule. Akibanwa anasema amefunga.

"Kwaresima imeisha zamani, mzee," mchoma nyama akamwambia.

"Mimi natangulia ya mwakani."

Basi. Mambo yakaenda hivyo mpaka kijana wake Januarius, anayefundisha shule huko Maswa, alipokuja na habari. Amepata mchumba. Binti anaitwa Goodness. Baba yake ni Mzee Mahona wa Mwanhuzi.

Masunga aliposikia jina hilo akapiga mluzi. Yeye ndiye angekuwa msemaji wa upande wa kijana.

"Kaka, Mahona namfahamu kwa sifa. Ana ng'ombe wa kufunika mbuga. Na kwake kuna utaratibu. Wazazi wawili wa kiume wanakula kwanza, sinia moja, wao peke yao, watu wanatazama. Akiona unadonoa donoa, anajua kwenu kuna njaa au kuna dharau. Idadi ya ng'ombe wa mahari inapanda pale pale."

"Nitakula," akasema Luhende.

Masunga alipoondoka, Felisita akamkalia kooni.

"Waambie kabla hatujaenda. Piga simu, sema umefanyiwa upasuaji, kuna vitu huli. Neno moja tu."

"Nimwambie mkwe sina mfuko wa nyongo? Si atasema wajukuu watazaliwa hawana?"

"Mtu aliyekatwa kidole amezaa watoto wasio na vidole?"

"Mama Januarius, hayo ni mambo ya wanaume."

Felisita akafunga kanga vizuri. Halafu akasema, "Haya. Nenda ukale." Akaingia jikoni, na Luhende akamsikia anaongea na mtu kwenye simu, anacheka chini chini. Hakujali. Wanawake hucheka na simu.

Siku ikafika. Gari ya kukodi ikajaa wajomba, mashangazi, kreti za soda na Masunga aliyekuwa anafanya mazoezi ya hotuba njia nzima. Wakapita Maswa, wakaikamata barabara ya Meatu, nchi ikaanza kukauka, nyasi za kahawia na ng'ombe wenye mapembe kama usukani wa baiskeli.

Walipofika jua lilikuwa utosini.

"Mwadila, baba," wenyeji wakasalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila."

Luhende alipomwona mwenyeji wake alishtuka kidogo. Alitegemea pande la mtu. Mahona alikuwa mrefu, mkavu, suruali imefungwa kwa mkanda ulioongezwa matundu kwa msumari. Ngozi ya shingo ilikuwa inaning'inia kama ya mtu aliyewahi kuwa mnene.

Mtu mwenye ng'ombe wote hawa anakondaje namna hii, akajiuliza. Lakini hakuwa na nafasi ya kufikiri zaidi.

Pembeni alimwona mkewe amekumbatiana na mama wa binti, Mama Goodness, jina lake Nyanjige, wameshikana kama watu waliopoteana. Akasema moyoni, wanawake bwana, wanazoeana upesi. Wakapotelea jikoni.

Ndani, viti vikapangwa pande mbili. Katikati mkeka, juu ya mkeka vigoda viwili vinatazamana.

"Mkwe mwenzangu, karibu sana," akasema Mahona. "Sifa zako zimefika kabla yako. Nasikia huko Bariadi kwenye nyama hakuna anayekusogelea."

"Watu wanaongeza chumvi tu."

"Basi leo tumeiongeza sisi."

Likaja sinia.

Nundu. Nzima. Imechemshwa ikaiva, ikapitishwa kwenye moto ikapata rangi, mafuta yake ya njano yanatetemeka kila mbebaji anapopiga hatua. Pembeni mlima wa ugali wa mtama, na juu ya ugali samli imemwagwa kama mvua ya kwanza.

Luhende alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Nundu ikazidi kuwa kubwa.

"Karibu uanze, mgeni," akasema Mahona.

"Mwenyeji ndiye anayeonja kwanza."

"Kwetu mgeni hutangulia."

"Na kwetu mgeni hamtangulii mwenye mji."

Wakasukumana hivyo mpaka watu wakaanza kusifu. Tazameni adabu ya wazee hawa. Mwisho wakanyoosha mikono pamoja, kila mmoja akakata kipande kidogo sana.

"Tamu," akasema Luhende.

"Tamu," akasema Mahona. Akameza kama anameza kidonge.

Pengine ingeishia hapo. Lakini kila ukoo una mtu wake wa kuharibu.

"Kaka, usituangushe," Masunga akanong'ona kwa sauti iliyofika mpaka zizini. "Kula kama unavyokula."

Upande wa pili, Salu, mdogo wake Mahona na msemaji wao, naye akachochea. "Kaka, mgeni anakupita. Bariadi wasije wakatangaza kwamba Meatu tumeishiwa."

Luhende akakata kipande cha heshima. Mahona akamtazama, akakata kikubwa zaidi. Luhende akaona hiki kitakuwa kipimo, akakata kingine na kukichovya kwenye samli. Watu wakashangilia. Mahona akachovya mara mbili.

Wazee wawili wanaongoja wajukuu, wanakulana kwa macho juu ya nundu ya ng'ombe, na jasho linawatoka wote.

Luhende anasema kadiri alivyokuwa anameza, ndivyo alivyokuwa anamwona nesi. Ni kama yule nesi alikuwa amesimama nyuma ya Mahona kabisa, amekunja mikono.

Nundu ilipobaki nusu, Salu akainua mkono. "Imetosha kwa sasa. Tuzungumze. Iliyobaki wataimaliza baada ya makubaliano, ndiyo muhuri wetu."

Mazungumzo yakaanza. Masunga akatoa ile hotuba yake. Salu akajibu kwa mafumbo ya ng'ombe na majani. Huku wanapanda, kule wanashuka, ni maneno ya kawaida, kila mtu anajua yataishia katikati.

Tumbo la Luhende likanguruma.

Kwanza kwa mbali, kama trekta iliyoko shamba la jirani. Halafu trekta ikaingia uani. Akabana. Akabadilisha makalio. Akamwomba Mungu wa Kanisa Katoliki, na kwa tahadhari akawakumbuka na mababu.

Salu akamgeukia. "Sasa tumsikie baba wa kijana mwenyewe. Idadi hiyo umeisikia. Unaikubali au huikubali?"

Wajomba wakasogeza viti.

Luhende akasimama.

Na sekunde ile ile, Mahona naye akasimama.

Hapo ndipo nilipoanzia.

Luhende alitokea mlango wa mbele akazunguka nyumba upande wa zizi. Choo alikiona tangu anafika, maana tangu afanyiwe upasuaji kila anakokwenda hutafuta choo kwanza ndipo atafute kiti. Kiko nyuma, mlango wa bati.

Akakifikia mbio. Na upande wa pili wa nyumba akatokea Mahona, mbio.

Wakagongana macho mbele ya bati. Choo kimoja, wakwe wawili.

Mahona alishika mlango. Akauachia. Sauti ilimtoka kama ya mtu anayeaga dunia. "Pita, mkwe. Mgeni ni mgeni." Akakata kona akatokomea kwenye mabua ya mtama.

Luhende anasema hajawahi kutendewa ukarimu mkubwa kuliko ule maishani mwake.

Baada ya muda, kukawa na utulivu. Nzi tu. Kisha kutoka kwenye mtama ikaja sauti.

"Mkwe."

"Naam."

"Nundu ilikuwa mbaya?"

Luhende alikuwa na nafasi ya kusema ndiyo. Uongo ulikuwa pale, umeiva. Lakini anasema ukiwa umechuchumaa katika hali ile huna nguvu za kutunga.

"Nundu ilikuwa nzuri. Mbaya ni mimi. Mwenzio nilipasuliwa. Sina mfuko wa nyongo."

Mabua ya mtama yakatikisika.

"Ulipasuliwa wapi?"

"Mwanza."

"Na daktari mmoja mrefu?"

"Mrefu, ndiyo."

"Anaongea kama anachagua mchele?"

Luhende akashika ukuta wa choo. "Na wewe?"

"Na mimi. Nilitoka hospitali masika yaliyopita. Huku nimewaambia nilikuwa kwenye semina ya kanisa."

"Mimi niliwaambia macho."

"Kumbe miwani hiyo."

"Inanitia giza, mkwe."

Wakacheka. Wanaume wazima, mmoja chooni, mmoja kwenye mtama, wanacheka mpaka wanaumia matundu ya upasuaji.

"Sasa kwa nini uliniletea nundu?" Luhende akauliza.

"Kwa nini uliila?"

Luhende akafungua mlango wa bati.

Walipokutana kwenye ndoo ya maji kunawa, ndipo waliposikia kelele za ndani.

Kimenuka.

Kumbe walipoinuka wote wawili bila neno, kila upande ulijua maana yake. Upande wa Bariadi ulisema Mahona ametoka kwa dharau, hataki hata kusikia jibu. Upande wa Mwanhuzi ulisema Luhende ameikataa idadi kwa kuipa mgongo.

"Hatujaja hapa kutukanwa," Masunga alikuwa anafoka. "Wajomba, tuingie kwenye gari."

"Ingieni," Salu akajibu. "Binti yetu hatapelekwa kwa watu wanaokula nyama yetu halafu wanaondoka kwenye kikao kama mbwa aliyeiba mfupa."

Kupitia dirishani Luhende alimwona mwanawe Januarius amesimama katikati, mikono imenyooshwa huku na huku, hakuna anayemsikiliza. Kwenye mlango wa ndani Goodness alikuwa amejifunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika.

Wazee wakatazamana.

Mngedhani wangeingia haraka kuokoa watoto wao. Thubutu. Walisimama nyuma ya ukuta wakitafuta uongo mwingine.

"Tuseme tulikwenda kuzungumza faragha," akasema Luhende.

"Bila kuaga? Tuseme tuliona nyoka dirishani."

"Wote wawili tukamkimbia nyoka?"

Mahona akafikiri. "Tukisema faragha wataamini. Tutasema tumekubaliana, turudi tukamalizie lile sinia kama muhuri."

Akaishia hapo. Wote wawili waliiona akilini ile nundu iliyobaki kwenye sinia, nusu nzima, mafuta yameanza kuganda.

"Mkwe," akasema Luhende, "mimi siwezi kurudi kwenye ile nyama. Hata kwa mtoto wangu. Afadhali aibu."

Akavua miwani, akaitia mfukoni, akaingia.

Watu wakageuka. Masunga alikuwa tayari ameshika ufunguo wa gari.

"Kaeni," akasema Luhende. "Sikukataa idadi. Mzee Mahona hakunidharau. Mimi nilitoka kwa sababu nyama imenishinda. Niliumwa mawe kwenye nyongo, nikapasuliwa Mwanza, mfuko wa nyongo ukatolewa. Mafuta mengi siwezi tena. Nilificha. Niliona aibu mkijua kwamba Luhende ameshindwa na nyama."

Masunga akauachia ufunguo ukaanguka.

"Yaani macho..." Masunga akaanza.

"Macho yangu ni mazima."

"Na mganga tuliyekwenda..."

"Mganga wako alinipa unga wa mkaa, Masunga. Kaa chini."

Mahona akapita mbele. Hakuwa na hotuba. "Yote aliyosema, na mimi vile vile. Pale pale Mwanza."

Salu akafumbua mdomo. "Kaka, na semina?"

"Semina ilikuwa ya kisu."

Kutoka jikoni kikasikika kicheko. Si cha mtu mmoja. Wanawake wawili walikuwa wanacheka kama wamebana kwa mwezi mzima sasa bawaba zimeachia.

Felisita akatoka na sufuria. Nyanjige nyuma yake na hotipoti.

Wakaliondoa lile sinia la nundu, wakawapelekea vijana nje. Wakafunua vya kwao. Kuku wa kienyeji amevuliwa ngozi, amechemshwa na nyanya na vitunguu. Wali mweupe. Mlenda. Sahani mbili ndogo.

Luhende akakitazama kile chakula. Ni kile kile anacholishwa nyumbani.

"Hiki kimepikwa saa ngapi?"

"Asubuhi," akajibu Nyanjige. "Kabla hamjafika."

"Nani alijua?"

Felisita akakaa, akafuta machozi ya kicheko kwa pindo la kanga.

"Baba Januarius, wewe ukiwa umelala wodini unakoroma, mimi nilikuwa nakaa kwenye benchi nje. Na kwenye benchi lile kulikuwa na mama mwingine, mume wake amelazwa wodi ya pili, ugonjwa ule ule. Tulifua pamoja, tukala pamoja, tukalala kwenye mkeka mmoja. Mwanangu alikuwa analeta uji wa baba yake. Binti yake alikuwa analeta uji wa baba yake. Mlidhani hawa watoto walikutana wapi, kwenye muziki?"

Januarius aliangalia chini. Goodness aliyekuwa analia sasa alikuwa amejifunika kanga kwa sababu nyingine.

"Mkatukataza tusiseme kwa mtu," akaongeza Nyanjige. "Tukatii. Ila tulipika. Tukakubaliana, yeyote kati yenu atakayefungua mdomo aseme hiki mimi siwezi, chakula chake kinatoka papo hapo. Tumekaa pale mlangoni na miko mikononi. Tukawasubiri."

"Mkaona tunameza yale mafuta mkanyamaza?" Mahona akauliza, sauti imepanda. "Na kama tungekufa?"

"Hamkuwa mnakufa, baba. Mlikuwa mnashindana."

Wazee wakainuka. Wakanawa, wakakaa kwenye vile vigoda, wakala. Kidogo kidogo. Hakuna aliyeshangilia, na Luhende anasema ndicho chakula kitamu kuliko vyote alivyowahi kula akiwa ugenini, maana alikuwa anakisikia chakula badala ya kuwasikia watu.

Idadi ya ng'ombe waliimaliza wenyewe hapo hapo, mmoja anatafuna, mwingine anaitikia kwa kichwa. Masunga na Salu walibaki na mafumbo yao hayana mnunuzi.

Ndoa ilifungwa baada ya mavuno, kanisani Maswa, na vijana wamejaliwa mtoto.

Msifikiri Bariadi walimwacha salama. Habari zilifika mjini kabla ya gari, na aliyezibeba mnamjua, ana jibu la kila swali. Wiki za mwanzo watu walikuwa wanamchokoza Luhende makusudi waone kama asiye na mfuko wa nyongo bado anakasirika. Wapo waliomkanyaga mguu mnadani wakasubiri.

Anakasirika vizuri tu. Waulizeni.

Siku hizi akienda ugenini husema mapema, kabla moto haujawashwa. Mimi hiki naweza, kile sikiwezi, kidogo kinanitosha. Nyama anakula, ila steki, kipande kimoja, na amegundua taratibu kwamba karanga kiasi tumbo linavumilia na maandazi halivumilii. Amejifunza kama mtoto anavyojifunza, kwa kuonja na kulipia. Mara mbili tatu amelipia tena.

Wengine wenu hapa mnameza vitu ambavyo miili yenu ilishavikataa, kwa sababu tu kuna Masunga pembeni ananong'ona msimwangushe. Nina swali moja kwenu. Mkishaanza kukimbia, huyo Masunga atawashikia mlango wa choo?

Kama mwili wako umebadilika, mwambie anayekupikia. Kuna uwezekano mkubwa alishajua, amekupikia, na anachosubiri ni wewe ufungue mdomo kwa ajili ya kitu kingine zaidi ya kumeza.